Kalamu Iliyoinuliwa: Hukumu ya Aliyeumia Ubongo na Wajibu wa Walio Pamoja Naye

Kushukuriwa ni kwa Mwenyezi Mungu aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, akampa kwayo kujua halali na haramu. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Jua ewe ndugu, Mungu akuongoze, ya kwamba wanavyuoni walipoyahisabu mambo ambayo sharia imekuja kuyalinda, waliyapata matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Ndivyo alivyoyapanga Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, nao ni mwaka 1111 wa Miladi, katika kitabu chake Al-Mustasfa. Manne katika hayo kila Muislamu huyajua kwa urahisi. Ama la akili, wengi hudhani ya kuwa hulindwa kwa kuacha ulevi, basi. Hawakumbuki ya kwamba akili huweza kuondoka kwa pigo moja la kichwa, katika kufumba jicho na kufumbua, kwa mtu ambaye hakupata kuonja tone la tembo katika umri wake wote.

Na jambo hili si geni Kigoma na Ujiji, wala katika mwambao wote wa Ziwa Tanganyika. Iko njia ya baina ya Kigoma na Ujiji, ipitwayo usiku na mchana na vijana wa pikipiki wapakiao abiria wawili na watatu, vichwa wazi. Iko michikichi, ambayo watu wa huko huikwea kuangua chikichi za mawese. Na mkwezi akiteleza, huanguka toka urefu wa kutisha. Iko miembe ya Ujiji, na watoto huiparamia kila msimu. Iko bandari, na mizigo yake na kamba zake na minyororo yake. Wako wavuvi wa dagaa watokao usiku na taa zao, wakapigwa na wimbi na kutupwa juu ya ubao wa chombo. Na uko ugomvi wa rungu na ngumi, na ile aibu ya mume ampigaye mkewe kichwani. Sababu ni nyingi, na mwisho wake ni mmoja: kichwa kupigwa au kutikiswa mpaka ubongo ukaumia.

Aliyepigwa hivyo akifa, mambo yake yajulikana: huoshwa, husaliwa, huzikwa, na mirathi yake hugawanywa. Lakini huenda asife. Huenda akalala siku 10 au siku 40 bila fahamu, kisha akafumbua macho, akarudi nyumbani. Na watu wa nyumbani wakaona ya kwamba aliyerudi si yule aliyetoka. Alikuwa mpole, sasa ni mkali. Alikuwa mwenye haya, sasa husema ya kusitiriwa mbele ya wakweze. Alikuwa wa kwanza msikitini, sasa huisali adhuhuri mara mbili, au haisali kabisa. Hapo ndipo lizukapo suali: Je, mtu huyu ahisabiwe kwa ayatendayo? Na ile mizigo ya dini na dunia iliyomwanguka, imekwenda wapi?

FASILI YA KWANZA: VIPI UBONGO HUUMIA

Hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo. Basi yapasa kwanza kuujua ubongo.

Ubongo wa mtu mzima, uzito wake wapata kilo 1.4. Ni laini mno, nao umezungukwa na maji ndani ya fuu la kichwa, lililo gumu na lisilopanuka. Kichwa kiendacho mbio kikisimamishwa ghafula kwa kugonga ardhi, fuu husimama, bali ubongo huendelea. Hupiga mfupa upande mmoja, kisha hurudi ukapiga upande wa pili. Kwa hivyo aliyeangukia kisogo huenda akaumia zaidi upande wa paji la uso. Na ubongo ukisokotwa ndani ya fuu, zile nyuzi zake nyembamba zipelekazo khabari toka sehemu hata sehemu huvutika na kukatika, wala nje pasionekane hata mkwaruzo.

Hayo ni madhara ya kwanza, nayo hutokea papo hapo. Yako ya pili, yajayo baada ya saa na siku: damu kuvuja ndani, ubongo kuvimba, pumzi kupungua hata ubongo ukakosa hewa. Na kwa kuwa fuu halipanuki, kila kiingiacho ndani yake huukaza ubongo. Haya ya pili ndiyo ambayo mganga ana njia ya kuyazuia, akifikiwa mapema.

Na katika khatari zake iliyo kubwa ni hii. Mtu aanguka, azimia kidogo, ainuka, asema mzima, atembea hata kwake, ala chakula, alala. Kumbe mshipa umepasuka baina ya fuu na utando wa ubongo, na damu yakusanyika polepole. Asubuhi aonekana maiti, na jamaa husema siku yake ilikuwa imefika. Ni kweli imefika. Lakini kusema hivyo hakumwondolei lawama aliyemwona anatapika akamfunika shuka. Basi na ijulikane: aliyepigwa kichwa, kisha akatapika mara kwa mara, au kichwa kikazidi kumwuma, au akasinzia asiamshike, au maneno yakamchanganyika, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko mwenziwe, au akashikwa na kifafa, au maji meupe yakamtoka puani au sikioni, huyo hangojewi kuche. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Shingo yake isigeuzwegeuzwe, wala asitiwe maji wala chakula kinywani ilhali hana fahamu.

Waganga wana mizani ya kupimia fahamu, iliyotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskochi. Hutazamwa mambo matatu: kufumbua macho, kusema, na kutikisa viungo. Mzima hupata 15. Aliyekosa yote hupata 3. Na apataye 8 au chini yake huhisabiwa ameumia sana. Katika Kigoma iko Hospitali ya Mkoa ya Maweni. Ama pahali pakuu pa kupasua ubongo katika Tanzania ni taasisi ya MOI, iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Na toka Kigoma hata huko, kwa reli, ni kilomita zipatazo 1,250. Mwenye akili akiupima umbali huo, na ile damu ivujayo kwa saa, atajua ya kuwa kukinga kunatangulia kutibu.

FASILI YA PILI: WANAVYUONI NA PIGO LA KICHWA

Asidhani mtu ya kwamba haya ni elimu ya wageni isiyo na mlango katika dini. Wanavyuoni wa fiqhi wameyapanga majeraha ya kichwa daraja kwa daraja, kila moja kwa jina lake. Jeraha lifunualo mfupa, nalo ni mudhiha, lina ngamia 5. Lifunualo mfupa na kuuvunja, nalo ni hashima, lina ngamia 10. Lisogezalo mfupa mahali pake, nalo ni munaqqila, lina ngamia 15. Na lifikalo kwenye utando wa ubongo, nalo ni maamuma, lina thuluthi ya diya; na diya kamili ni ngamia 100.

Lakini hawakusimama kwenye ngozi na mfupa. Wamesema ya kwamba akili ikiondoka kwa pigo, ina diya yake kamili peke yake, hata kama fuu li zima. Vivyo hivyo kusikia, na kuona, na kusema, na hata kunusa. Na waganga wa leo wajua vema ya kuwa aliyepigwa kichwa mara nyingi hupoteza kunusa, ingawa pua yake haina kovu.

Imepokewa ya kwamba katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mungu amwie radhi, mtu mmoja alimtupia mwenziwe jiwe la kichwa. Aliyepigwa hakufa, lakini vitu vinne vilimwondoka: kusikia kwake, na ulimi wake, na akili yake, na nguvu zake za kiume. Umar akamhukumia diya 4, naye yu hai. Itazame hukumu hii. Lau mtu yule angalikufa kwa jiwe lile, diya ingalikuwa 1. Alipoishi, zikawa 4. Mwenye kutafakari huona hekima yake: aliyekufa mahitaji yake ya dunia yamekwisha, bali aliyeishi bila akili bado hula, na kuoshwa, na kuvikwa, na kulindwa asijitupe motoni, na mkewe na wanawe bado wangali wakingoja mkono wa kuwalisha. Msiba wake haukupungua kwa kuwa hakufa. Mahkama za Tanzania leo hazihukumu kwa ngamia. Lakini deni la aliyeumiza lililo baina yake na Mola wake halikufutwa kwa kuwa mahkama zimebadilika.

Tena yako maneno katika Minhaj ya Imamu Al-Nawawi, kitabu kisomwacho sana na Mashafi wa pwani, ambayo yastahili kuandikwa kwa wino wa dhahabu. Akidaiwa mtu kuwa akili yake imeondoka kwa pigo, na mpigaji akakanusha, basi atazamwe anapokuwa faraghani mwake, asipojua ya kuwa anatazamwa. Ikiwa maneno yake na vitendo vyake huko havina mpango, hupewa diya bila ya kuapishwa. Ewe ndugu, fahamu maana yake. Akili haipimwi barazani. Aliyeumia ubongo huweza kukaa barazani nusu saa, akaamkia vizuri, akauliza khabari za watoto, na watu wakasema: huyu ni mzima, mkewe amwonea tu. Kisha arudipo nyumbani huacha moto ukiwaka, humpiga mtoto kwa kuangusha kikombe, na husahau ya kuwa babake amefariki, hata kila siku akaambiwa upya na kulia upya. Wajuao ni wale wa faraghani. Basi neno la mke na mama lisidharauliwe kwa neno la mpita njia.

FASILI YA TATU: JE, NI MTU YULE YULE?

Wanavyuoni wa zamani walikhitilafiana juu ya mahali pa akili. Mashafi wamesema makao yake ni moyoni. Na imenasibishwa kwa Imamu Abu Hanifa ya kuwa ni kichwani, katika ubongo. Imamu Al-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameitaja khitilafu hiyo katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, na ametaja hoja ya wasemao ubongo: ya kwamba ubongo ukiharibika, akili nayo huharibika. Kisha ametaja jawabu ya wapinzani wao: ya kwamba hoja hiyo haikati, kwani yawezekana Mwenyezi Mungu amejaalia desturi ya akili kuharibika pamoja na ubongo, ijapokuwa makao yake si humo.

Tazama sasa. Makundi mawili yamepingana juu ya makao, na juu ya jambo lenyewe yamekubaliana: ubongo ukiumia, akili huumia. Basi ashikaye kauli ya moyo hana udhuru wa kusema ya kwamba tabia mbovu ya aliyevunjika kichwa ni ubovu wa moyo wake uliokuwa umefichika.

Na kisa kijulikanacho zaidi katika jambo hili ni cha mtu wa reli. Kigoma ni mwisho wa reli, iliyofika huko mwaka 1914, na wenye kujenga reli wajua kazi ya kupasua miamba kwa baruti. Katika Marekani, jimbo la Vermont, siku ya tarehe 13 Septemba 1848, alikuwako msimamizi wa kazi hiyo, jina lake Phineas Gage, umri wake miaka 25. Alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba, ikalipuka. Na ule mtaimbo wa chuma, urefu wake zaidi ya mita 1 na uzito wake kilo 6, ukaingia chini ya shavu la kushoto ukatokea juu ya kichwa. Hakufa. Alisema na kutembea siku ile ile. Lakini mganga wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 ya kwamba mtu yule, aliyekuwa mwenye utaratibu na mwenye kutegemewa, alikuwa amegeuka: mwenye matusi, asiyeshikamana na shauri lake mwenyewe, hata rafiki zake wakamwona si yeye tena, na wenye kazi hawakumrudisha kazini. Khabari hii hukomewa hapo na wengi. Bali ina mwisho wake: baadaye Gage alikwenda nchi ya Chile, akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka, kazi itakayo mpango na uangalifu, mpaka afya yake ilipodhoofika, akafa mwaka 1860 kwa kifafa. Basi ndani ya kisa kimoja yamo mafunzo mawili: ya kwamba pigo huigeuza tabia, na ya kwamba aliyegeuzwa huweza kurudi hatua kwa hatua, apatapo kazi ya mpango na watu wa kumvumilia.

Jawabu ya suali, basi, ni hii. Nahodha akivunjikiwa na usukani katikati ya ziwa, chombo huenda mrama; wala hapana asemaye ya kuwa nahodha ameisahau njia ya Ujiji. Roho ya mtu ni ile ile aliyoumbiwa, na jina lake ni lile lile, na ndoa yake, na mali yake, na heshima yake. Ni haramu kumsengenya kama ilivyokuwa haramu jana. Haki zake hazikupungua hata chembe. Lililopungua ni hisabu yake.

FASILI YA NNE: LIMWANGUKALO NA LIBAKILO

Hadithi mashuhuri yafundisha ya kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: mwenye kulala kabla hajaamka, mtoto kabla hajabaleghe, na aliyeondokewa na akili kabla haijamrudia. Lakini walioumia ubongo si daraja moja, na hukumu zao si moja.

Wa kwanza ni aliyezimia. Sala zilizompita wakati wake wote naye hana fahamu, hana kuzilipa katika madhehebu ya Shafi. Ama saumu za Ramadhani zilizompita katika kuzimia, akipona huzilipa. Na akizindukana alasiri kabla ya jua kuchwa, na fahamu zikaendelea kwa kadiri ya kutosha, yampasa alasiri na adhuhuri pamoja. Na azindukanapo, udhu wake umevunjika, na kuoga ni sunna.

Wa pili ni aliyeondokewa na akili kabisa. Huyu sala na saumu si juu yake, wala halipi. Talaka yake si talaka, uuzaji wake si uuzaji, na maneno yake ya kufuru si kufuru. Lakini zaka ya mali yake ikitimia nisabu haiondoki: walii wake huitoa katika mali hiyo. Na akivunja chombo cha mtu, hulipwa katika mali yake. Kisasi hapana juu yake.

Wa tatu ndiye mwenye taabu zaidi, naye ni aliyepungukiwa: akili imo, lakini ina pengo. Husahau, hughadhibika upesi, hukosa subira. Huyu kalamu haikuinuliwa kwake moja kwa moja. Huandikiwa kwa kadiri ya afahamuyo na awezayo, kwani asili ya sharia ni kutomkalifisha mtu lililo juu ya uwezo wake. Akisahau hisabu ya rakaa, asali jamaa, imamu amchukulie hisabu. Na akiwa mwenye kuja na kuondokewa na akili, hutazamwa wakati neno lilipomtoka: alipokuwa nayo, au alipokuwa hana.

Hapa yapasa kujihadhari na mlango wa hila. Huenda mtu mzima akamwacha mkewe kwa hasira, kisha akajuta, akasema: kichwa changu kiliumia utotoni. Hasira si wazimu. Udhuru huu hauthubutu kwa madai. Huthubutu kwa ushahidi wa waishio naye, na kwa neno la mganga mjuzi mwenye kuaminiwa, kama vile neno lake lichukuliwavyo katika kutayamamu.

Na mke, je? Wazimu wa mume, hata ukizuka baada ya ndoa, ni katika aibu zimpazo mke khiyari ya kuomba kuvunja ndoa kwa kadhi. Akikaa akamwuguza, amefanya ihsani ambayo ujira wake uko kwa Mola. Akiomba haki yake, ameomba alilopewa na sharia, wala si haki kumwita mwenye kukosa wafa.

FASILI YA TANO: KALAMU HUWAANDIKIA NANI

Sasa limebaki lile suali la pili, nalo ndilo kiini cha waraka huu: mizigo iliyomwanguka aliyeumia imekwenda wapi? Mwenye kuzifuata hukumu zilizotangulia huona ya kuwa haikupotea. Zaka yake imehamia mkononi mwa walii. Hasara ayafanyayo yadhaminiwa, na kumchunga ni juu ya mlinzi wake. Kalamu iliyoinuliwa kwake haikuwekwa chini. Huwaandikia walio pamoja naye.

Huwaandikia kwanza wenye kutoa fatwa. Imepokewa na Abu Daud ya kwamba katika safari moja mtu mmoja alipigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakasema hana, madhali maji yako. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata khabari aliwashutumu vikali, akawahisabu kuwa ndio waliomwua, akafundisha ya kwamba mwenye kutojua dawa yake ni kuuliza. Wale hawakumpiga jiwe, wala hawakumchukia. Walisema tu bila ya elimu. Basi na atetemeke yule amwambiaye aliyeumia kichwa afunge Ramadhani akiacha dawa zake za kifafa, naye hakumwuliza mganga wala mwanachuoni.

Huwaandikia pili wenye kutibu. Watu wengi wakimwona aliyebadilika tabia husema: ana pepo. Majini ni viumbe waliotajwa katika Qurani, na kumsomea mgonjwa ni jambo jema lenye asili. Lakini mtu aliyeanguka juu ya mchikichi jana, akatukana leo, sababu yake iko wazi kama jua. Kuiacha na kutafuta ya ghaibu ni kuikimbia hoja. Na kumpiga fimbo ili pepo atoke, au kumfunga mnyororo, au kumfukiza moshi hata akakosa pumzi, ni kuongeza jeraha juu ya jeraha katika ubongo uliokwisha kuumia. Mtume amefundisha ya kwamba mwenye kujitia uganga asiojulikana nao hudhamini alichokiharibu. Asome Qurani kwa sauti ya upole, kisha amwachie mganga wa hospitali kazi yake.

Huwaandikia tatu jirani na marafiki. Mwanamke mmoja katika zama za Mtume alikuwa akishikwa na kifafa na nguo zikimfunuka. Alipopewa khiyari ya kusubiri apate Pepo, au kuombewa apone, alikhitari kusubiri, akaomba jambo moja tu: asifunuke. Sitara ilikuwa nzito kwake kuliko afya. Leo mtu huanguka kifafa sokoni, na badala ya kumfunika, watu hutoa simu wakampiga picha na kuzieneza. Hao wameandikiwa.

Huwaandikia nne wenye kusababisha. Kijana apakiaye watu watatu juu ya pikipiki, akapita mbio gizani bila taa, asiseme ni kadari. Mtume alimwelekeza bedui kumfunga ngamia wake, ndipo amtegemee Mola. Kofia ngumu ni ile kamba ya ngamia. Mkusanyo wa tafiti 61, uliotolewa na jumuiya ya Cochrane mwaka 2008, umeona ya kwamba kofia hiyo hupunguza khatari ya mpanda pikipiki kufa kwa kadiri ya 42 katika 100, na ya kuumia kichwa kwa kadiri ya 69 katika 100. Wako waendao sala ya Ijumaa kwa pikipiki, wasiivae kwa kuchelea kuiponda kofia yao ya viua. Kofia ya viua ni pambo zuri, na mahali pake mfukoni hata mlangoni pa msikiti, haikingi ubongo. Na mwenye kumpakia mwanawe au mkewe kichwa wazi, hakujihatirisha nafsi yake peke yake, bali amana aliyopewa. Kadhalika mume na baba na mwalimu wa chuo: kichwa na uso si mahali pa kutia adabu, na Mtume amekataza kupiga uso. Kofi la sikio lipigwalo kwa ghadhabu laweza kumtoa mtoto kusikia na hifadhi yake, kisha akapigwa tena kwa kuwa hahifadhi.

Huwaandikia tano mji mzima. Kumwuguza asiyejiweza ni fardhi kifaya: wakiisimamia baadhi, wengine huokoka, ikiachwa na wote, wote hupata dhambi. Msikiti uchangao mabati na mazulia hauoni uzito kuchanga nauli ya kumpeleka mgonjwa Dar es Salaam. Na baada ya hospitali yako makubwa zaidi, nayo hayataki fedha nyingi: mtu wa kumpokea mke zamu usiku mmoja katika wiki, kijana wa kumtembeza mgonjwa asubuhi, mvuvi wa kumpa nyavu ashone apate kazi ya mikono, barazani pahali pake pa zamani pasikaliwe na mtu mwingine.

Huenda akasema msemaji: Je, haingalikuwa bora afe, apumzike na apumzishe? Jawabu ni kwamba uhai haukupimwa kwa faida ya wenye kuutazama. Tena imepokewa katika Sahihi Bukhari ya kuwa mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa mema aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima, mkaazi. Basi yule aliyekuwa wa kwanza msikitini, kisha pigo likamtoa, huenda safu yake ya mbele ingali ikiandikwa kila alfajiri, naye amelala hajui. Kalamu ya makosa imeinuliwa, na ya thawabu haijakauka. Lakini wale waliosalia na akili zao hawana udhuru wa namna hiyo. Kila wamfanyialo laandikwa, jema na ovu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye walioumia, awape subira wawauguzao, na azihifadhi akili za Waislamu na za waja wake wote. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.